Swali la Kwanza: Mazungumzo ya Upole Katika Ukanda wa Dhahabu



Nimeombwa nizungumze juu ya vikundi vya kusaidiana katika afya ya akili, na hasa namna ya kumfanya mtu aingie kwenye kikundi, akae, na siku moja afungue mdomo. Nimeona nianze na lile linalomfunga mdomo. Katika mikoa yetu hii miwili, Shinyanga na Geita, mtu akianza kubadilika, halali usiku, chakula hakipiti, anajitenga au anagombana na kila anayemsogelea, swali la kwanza linalotutoka ni hili: "Nani amemfanya hivi?" Likishatoka hilo, mazungumzo yamekwisha. Hatumsikilizi tena yeye. Tunatafuta jina, na jina siku zote hupatikana.

Usukumani tumelilipia swali hilo kwa damu. Vikongwe waliuawa kwa mapanga, na ushahidi uliowahukumu wengi wao ulikuwa macho mekundu: macho yaliyoungua kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa muda wote ambao mama huyo aliwapikia wanawe na wajukuu. Katika miaka ya 1970 dola ilikuja kwa nguvu. Watuhumiwa walikusanywa Mwanza na Shinyanga, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa waliowakamata, na Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977 kwa kubeba dhamana ya yaliyotokea. Heshima aliyoipata kwa uamuzi ule aliistahili. Mauaji hayakukoma. Baadaye wakaanza kuwindwa ndugu zetu wenye ualbino, watoto wakahamishiwa kituo cha Buhangija, hapa hapa Shinyanga, wakalale nyuma ya ukuta, kwa sababu mpiga ramli mmoja alimwambia mtu fulani kwamba bahati ya dhahabu au ya samaki inapatikana kwenye mwili wa binadamu mwenzake.

Mtaniambia hayo ni mambo ya polisi na mahakama, mhadhiri ameombwa azungumzie mawazo na huzuni. Naomba mnivumilie. Nyuma ya mashtaka mengi ya uchawi kuna nyumba yenye msiba, mtoto aliyefariki, baba aliyefilisika, mama aliyejifungua na kukataa kumwangalia mwanawe. Kulikuwa na mtu mwenye maumivu pale, na hakuna aliyekaa naye akamsikiliza mpaka mwisho. Walimkimbiza kwa mganga akatafutiwe adui.

Tuchukue mfano ulio mbele ya macho yetu. Pale kwenye machimbo ya Rwamgasa, Nyarugusu au Mgusu, mawe yakishasagwa kwenye karasha na unga wake kuoshwa mwaloni, mchimbaji humwagia zebaki, akaisugua kwa mikono mitupu mpaka iikamate dhahabu. Donge analikamua kwenye kitambaa, analiweka juu ya kipande cha bati na kulichoma kwa moto wa mkaa, mara nyingi uani, pengine jikoni kabisa, mtoto akiwa mgongoni kwa mama yake. Zebaki inapaa bila kuonekana na bila harufu, na waliopo wote wanaivuta. Miaka ikipita, mikono huanza kutetemeka. Usingizi unakimbia, kumbukumbu inapungua, na mtu aliyekuwa mpole anakuwa na hasira za ghafla, au anaingiwa na haya isiyo na sababu na kuwakwepa watu. Mafundi kofia wa Ulaya katika karne ya 19, waliotumia zebaki kutengenezea manyoya, walipatwa na mambo hayohayo, na mitaa ikawacheka kuwa ni wendawazimu. Umoja wa Mataifa ulileta watafiti Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwapima wachimbaji na majirani zao, na tangu 2020 Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe. Jirani anayemwona mwenzake akitetemeka asubuhi hana habari na mkataba. Yeye anajua mambo mawili: ama ni gongo, ama amelogwa.

Sasa badilisha swali. Usiulize nani. Uliza nini kimempata, na tangu lini. "Mikono ilianza lini? Dhahabu unachomea wapi? Na mama watoto, naye halali?" Ndani ya maswali matatu umeshafika mahali ambapo mganga wa kituo cha afya anaweza kuendelea, na hakuna bibi yeyote aliyetajwa.

Sisemi kwamba kila huzuni ya machimboni imetoka kwenye chupa ya zebaki. Nyingi imetoka kwenye hesabu. Kijana ameacha mke na watoto Maswa au Kasulu, kaja kwa kuwa alisikia kuna rashi ya dhahabu. Mwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, anampa ugali na dagaa. Malipo ni mgawo wa mifuko ya mawe, siku mwamba utakapopatikana. Mwamba unaweza kukawia miezi. Simu ya nyumbani ikiita haipokei, maana hana cha kusema, na asipopokea mara kadhaa kule nyumbani wanaanza kusema ameoa mwingine. Analala kwenye kibanda cha turubai na watu anaowajua kwa majina ya utani tu. Akifa leo, wenzake watahangaika kujua azikwe wapi.

Na hofu ya kule chini ina sababu zake. Mwaka 2015 pale Nyangalata, hapa kwetu Kahama, wachimbaji sita walifukiwa. Mmoja akafia humo humo, watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Nchi nzima iliuliza walikula nini. Tukaambiwa mizizi, vyura na mende, tukashangaa, tukasimuliana vijiweni. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza wanalala vipi sasa, au kama wanaweza kukaa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Agosti 2025 watu 25 wakafukiwa Nyandolwa, na ndugu zao wakakaa mdomoni mwa shimo siku nyingi wakisubiri. Ukoo mzima ulirudi nyumbani na kitu kifuani, na mfadhili akipita leo kuuliza mahitaji yao ataandikiwa unga na mabati.

Basi kwa nini hasemi? Wataalamu wa mijini wanapenda kusema kuwa watu wetu hawana uelewa. Mimi naona uelewa anao, tena wa kutosha. Akisema hapati usingizi, kesho msimamizi hamshushi. Akisema ana woga, wenzake watasema analeta mkosi kwenye duara. Akimwambia mkewe, shemeji zake watajua kabla jua halijazama. Na akisema jambo zito kuliko yote, kwamba ameshawahi kujaribu kuyakatisha maisha yake, sheria nayo inamsubiri, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Ghana ilifuta sheria ya namna hiyo mwaka 2023. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba yao. Wabunge wetu wa ukanda huu wana la kujifunza hapo, na ningependa siku moja niwasikie wakilisema bungeni. Hatuwezi kumwambia mtu "njoo useme" huku tumemwekea pingu mlangoni.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya kikundi ni kuyatunza yatakayosemwa. Ushauri, maombi na elimu vitakuja baadaye.

Kwamba vikundi vinasaidia, hilo halihitaji tena mabishano marefu. Ukivuka mpaka wa Mutukula unaingia Uganda, na huko kwenye vijiji 30 vya Rakai na Masaka ulifanyika utafiti ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2003. Watu wenye sonona, wanawake peke yao na wanaume peke yao, walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa maeneo yale yale waliofundishwa wiki mbili. Mwanzoni asilimia 86 ya washiriki walikuwa na sonona kamili; mwishoni walibaki asilimia 6.5. Kwenye vijiji visivyokuwa na vikundi idadi ilishuka pia, kutoka asilimia 94 hadi 54.7, kwa hiyo muda wenyewe nao huponya kiasi fulani, tusiudharau. Lakini tofauti ile ni kubwa, na walipofuatiliwa baada ya miezi sita nafuu ilikuwa ipo bado, na baadhi ya vikundi vilikuwa vinaendelea kukutana bila kuitwa na mtu.

Kilichonivutia zaidi kwenye utafiti ule ni swali lao. Kila mshiriki alisaidiwa kutazama ni jambo gani lilitokea maishani mwake wakati hali hii ilipoanza: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, au badiliko kubwa la maisha. Milango michache tu. Nimejaribu kumtafuta mchimbaji wa Geita ambaye hawezi kuingia kwa mmojawapo, sijampata.

Hapa nchini Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake waliwakutanisha wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, Dar es Salaam, katika vikundi vya ushauri, na nafuu kiasi ilionekana. Zimbabwe nako, tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuongea na wenye mawazo. Mpango huo wa benchi la urafiki umesambaa sana, umefika mpaka Zanzibar. Kila anayeusikia anataka uletwe Shinyanga kesho asubuhi. Mimi naukubali, ila nina neno. Kule Harare bibi amepewa benchi kwa sababu watu wanamwamini. Huku kwetu yuko bibi ambaye akimsogelea mtoto wa jirani, mama mtu anamvuta mwanawe. Ukimweka huyo kwenye benchi bila kwanza kuongea na kijiji, atakaa pale peke yake, na sina hakika kama usiku atakuwa salama. Pengine sisi tuanze na watu ambao tayari wanakaa pamoja.

Na wapo. Nendeni mkawaone akina mama wanaoponda mawe kandokando ya karasha, siku yao ya kuweka akiba kwenye VICOBA. Wanakutana saa kumi jioni chini ya mwembe, ndoo zimeinamishwa zikawa viti, michembe inazunguka kwenye sahani ya bati. Sanduku linawekwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Siku moja niliyokuwepo, mama mmoja aliitwa jina lake akatoa hisa yake bila kuinua uso. Kwa kawaida ndiye anayewachekesha. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliandika hesabu, hakusema lolote. Kikao kilipokwisha nikamwona anajichelewesha makusudi, anakunja kanga, anatafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Wakabaki wawili. Akachukua nyundo ya mwenzake, akakaa kwenye kifusi, akaanza kuponda yale mawe pamoja naye. Walifanya kazi kimya mpaka nikaanza kuona vibaya kuwatazama. Ndipo nikamsikia: "Mayu, leo hujatuchekesha. Tangu lini?"

Hakuuliza "una nini?" mbele za watu. Hakusema "nimekuona." Hakuanza na Mungu wala na mfano wa dada yake mwenye shida kubwa zaidi. Alimpa mikono kazi, akampa sababu ya kutomtazama usoni, akauliza jambo dogo lenye jibu. Sijui alijibiwa nini, maana niliondoka. Haikuwa haki yangu. Wiki zilizofuata yule mama alikuwa anakuja.

Yaliyosemwa pale kwenye kifusi yanataka kutunzwa kwa ulinzi uleule wa lile sanduku: asiwepo mtu mmoja anayeweza kuyafungua peke yake. Kikundi kikubaliane hivyo kwa sauti, siku ya kwanza, na kila anapoingia mgeni kikubaliane upya. Mke haambiwi. Mchungaji haambiwi, shehe haambiwi, mwenye duara ndiyo kabisa. Jambo moja tu linaruhusu kufuli kufunguliwa: uhai wa mtu ukiwa hatarini. Hata hapo mwenyewe aelezwe kwanza kwamba tunakwenda kuomba msaada, na nani atakwenda naye.

Mniruhusu sasa niseme juu ya maneno yenyewe, maana hapo ndipo wema wetu unapoharibu kazi. "Jikaze, wewe ni mwanaume." Huyo amejikaza mwaka mzima, ndiyo maana yuko hapa. "Mshukuru Mungu, wengine hawana hata miguu." Umemwongezea deni: sasa ana huzuni na pia ana hatia ya kutoshukuru. "Mimi yalinipata hayo hayo, nikafanya hivi na hivi." Hilo linapendwa sana na sisi wazee. Linaanza kwa nia njema, na dakika kumi baadaye kikundi kinasikiliza habari zako. Mzee, hadithi yako ni nzuri, iache ipoe mpaka uombwe.

Kuna utani pia, na hapa siwezi kusema neno moja. Makabila yetu yanajua kazi ya mtani msibani: anaruhusiwa kusema yasiyosemeka, watu wakacheka huku machozi yanatoka, na kifua kikapata nafasi. Machimboni utani ndiyo lugha ya mapenzi pekee inayoruhusiwa kati ya wanaume. Nisingependa kikundi kisicho na kicheko. Lakini utani una mwenyewe. Unastahili kutolewa na yule aliyeumia. Akiutania msiba wake, cheka naye. Ukimtangulia, umemfunga.

Watu huniuliza juu ya wale wanaokuja na kukaa kimya, wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Wawaondoe? Wawalazimishe? Jamani, kwenye shikome, ule moto wa jioni wa wazee, watoto walikaa miaka mingapi kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye maongezi ya wazee? Walileta kuni, walikoleza moto, walisikia, na walikuwa wamo. Mpe asiyesema kazi: atunze saa, agawe chai, aandike mahudhurio. Kiongozi akizungusha zamu ya kusema, kila mtu awe na haki ya kusema "naomba nipite" na zamu ikapita bila kicheko na bila macho. Mtu aliyehakikishiwa kuwa anaweza kupita, aghalabu siku moja hapiti.

Na salamu. Sisi Wasukuma tuna salamu ndefu kuliko zote ninazozijua, tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na kote huko jibu ni lile lile: mhola duhu, salama tu. Mtu anaweza kuwa amezika jana na akajibu mhola duhu. Silaumu, ndiyo adabu. Ninachoomba ni kwamba ndani ya kikundi, baada ya salamu kwisha, muulizaji asiondoke. Akae kidogo, aulize mara ya pili kwa sauti ya chini. "Na usiku, inakuwaje?" Swali la usiku hufungua wengi, kwa sababu mchana kila mtu anajua kuigiza.

Lipo swali moja linalowatisha viongozi wa vikundi, na ni lazima nilitaje. Mwenzenu akisema amechoka na maisha, muulizeni waziwazi, kwa upole: "Umewahi kufikiria kwamba ni afadhali ufe? Unafikiria kujiua?" Mnaogopa kwamba mtampa wazo. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba kuuliza hakuleti wazo hilo. Mara nyingi kunampa mtu nafuu ya kwanza baada ya muda mrefu. Akijibu ndiyo, usimhubirie na usimwache peke yake hata kwa dakika ya kwenda kutafuta boda boda. Mmoja akae naye, mwingine atafute msaada, na kitu chochote ambacho angeweza kujidhuru nacho kiondolewe karibu yake. Usiku huo kituo cha afya kifikiwe.

Hapo ndipo mtaniuliza: kituo gani? Wengi mkisikia matibabu ya akili mnafikiria hospitali ya Mirembe tu, Dodoma, na picha ya mtu amefungwa kamba nyuma ya Land Cruiser. Mirembe ipo na ina kazi yake. Lakini safari ya wengi haifiki huko. Inaanzia kituo cha afya cha kata, inapita hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa, Shinyanga au Geita, na wachache wanafika Bugando, Mwanza, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Sonona inatibika kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili, na anayetumia dawa hafungwi minyororo.

Kinachokwamisha mara nyingi ni nauli. Daktari Chibanda mwenyewe amesimulia kwamba mgonjwa wake mmoja alifariki akiwa hana nauli ya kufika hospitalini, na mabibi wa benchi walianzia hapo. Kutoka Rwamgasa mpaka Geita mjini kwa mtu ambaye hajapata mgawo tangu mwezi uliopita ni mbali kweli.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na liko kwenye makaratasi. Katiba za VICOBA vyetu zina mfuko wa jamii. Zinaorodhesha msiba, uzazi, ajali, mwanachama kulazwa. Nimesoma kadhaa, na katika nilizosoma hakuna hata moja iliyotaja mwanachama aliyeshindwa kulala kwa mwezi mzima. Kwenye mkutano mkuu ujao ongezeni mstari mmoja: nauli ya kwenda na kurudi kwa mwanachama na msindikizaji wake, kwa ajili ya matibabu ya akili, bila kutaja sababu mbele ya kikao. Mwekahazina aandike "matibabu" na afunge daftari. Na vikundi vya wachimbaji wenye leseni, nyinyi mnaokatana fedha ya magogo ya kushikilia duara kabla ya mtu kushuka, mna uwezo wa kukatana na hii.

Nimewachosha. Tuna nafasi ya maswali, na ninaomba tuanze na wale waliokaa kule nyuma karibu na mlango. Asiyetaka kusimama aandike kwenye karatasi, jina si lazima.